Matairi Makubwa ya AT na Kuinua Mbele ya Hilux: Hatua za Kufuata Kabla ya Kutoa Pesa

Ukiisimamisha Hilux ya dabo kebini mahali tambarare ikiwa tupu, kisha ukaitazama kwa ubavu, utaona kwamba nyuma imeinuka na pua imeinama kidogo. Wengi huiona hali hiyo kuwa kasoro ya sura, na ndiyo inayowapeleka kwa fundi kutafuta spesa za kuinua mbele, yaani vipande vigumu vinavyowekwa kwenye shokapu au koili. Kasoro haipo. Waliolitengeneza gari waliacha nyuma juu kwa makusudi, kwa sababu walijua kwamba siku moja kebini itajaa watu watano na bodi itabeba magunia ya viazi kutoka Njombe, na siku hiyo nyuma itashuka hadi gari likae sawa. Anayenyanyua mbele bila kulifikiria hilo atakuwa na gari la kupendeza likiwa tupu na linalokalia matako likiwa na mzigo, taa zake zikiwamulika wanaokuja usoni.

Kwa hiyo mpangilio ninaoushauri ni kinyume cha ule wa madukani. Anza na mzigo, uende kwenye tairi, kisha rimu, na kimo cha gari kije mwisho, tena kwa kiasi kile tu ambacho tairi imekihitaji. Mifano yangu ni ya Hilux yenye springi za koili mbele, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2005 na zile za umbo jipya la mwaka 2015, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Mwenye Ranger, D-Max au L200 anaweza kufuata hatua hizi hizi, ila namba zitabadilika.

Hatua ya kwanza: pima gari kama lilivyo

Chukua futi ya fundi, daftari na kalamu. Egesha gari kwenye sakafu iliyonyooka, tanki likiwa nusu na upepo wa matairi ukiwa wa kawaida, kisha pima kutoka katikati ya kikombe cha rimu kwenda juu wima hadi ukingo wa chini wa madigadi. Pima magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu kipimo hicho huchanganya ukubwa wa tairi na kimo cha springi, na ukishabadilisha vyote viwili hutajua kipi kimefanya nini.

Gari langu lilipokuwa tupu lilisoma sentimita 50 mbele na 54 nyuma. Nilipolipakia mzigo wangu wa kawaida, ambao ni karibu kilo 500, nyuma ilishuka hadi 49 na mbele ikabaki ilipo au ikapanda kwa upana wa kidole. Maana yake ni kwamba zile sentimita 4 ambazo macho yaliziona ni za ziada zilikuwa zimeliwa zote na mzigo, na moja zaidi. Kama ningefunga spesa ya kuleta mbele hadi 54 bila kugusa nyuma, kila safari yenye mzigo ningekuwa nimetanguliza tumbo juu kwa sentimita 5.

Pima hivyo hivyo mara mbili, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo unaobeba kweli, si ule unaojisifia. Ikiwa bodi yako hubeba tu begi la nguo na kreti moja ya soda, unaweza kusawazisha mbele bila hofu kubwa. Ikiwa ni gari la shamba au la biashara, tofauti kati ya vipimo viwili vya nyuma ndiyo itakayoamua.

Hatua ya pili: chagua aina ya tairi kabla ya ukubwa

Matairi ya pikapu huuzwa kwa makundi matatu ambayo kwa kawaida herufi zake huandikwa ubavuni: H/T kwa lami, A/T kwa lami na vumbi pamoja, na M/T kwa matope. AT ni mapatano kati ya mawili. Kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimeachana zaidi kuliko za HT ili zishike changarawe, lakini hazijaachana kama za MT ambazo zikiwa kwenye lami huvuma kama nyuki na kuisha upesi. Kundi hili si geni, maana BFGoodrich ilianza kuuza AT yake ya radial kwa magari madogo ya mizigo mwaka 1976, na tangu hapo karibu kila kampuni imetoa ya kwake.

Jiulize kilomita zako 100 zimegawanyika vipi. Anayekaa mjini na kwenda kijijini mara mbili kwa mwaka atalipia mvumo, mafuta na breki ndefu kwa ajili ya siku nne, na kwake HT nzuri yenye upepo sahihi inatosha. AT inamfaa anayekanyaga vumbi, kokoto na mawe yenye ncha kila wiki, kwa sababu faida yake kubwa kuliko zote ni ubavu mgumu usiopasuka ovyo, wala si ile sura ya kutisha. Kwa udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika usitegemee muujiza: AT hujaa tope ndani ya mizunguko michache, kashata zikafunikwa, na tairi ikawa laini kama kipara. Huko hata MT hutaabika, na mwenye busara husubiri jua.

Matairi mengi ya AT yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Muuzaji akikuonyesha alama hiyo kama sababu ya bei kupanda, mwambie kwamba theluji yetu iko juu ya Kilimanjaro na magari hayafiki huko.

Hatua ya tatu: soma namba na upige hesabu

Hilux nyingi za 2015 na kuendelea zenye rimu ya inchi 17 hutoka na tairi ya 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hesabu ni rahisi: 265 mara 0.65 ni milimita 172. Zidisha mara mbili kwa sababu kuna ubavu juu na chini, ongeza rimu ambayo ni milimita 432, na unapata kipenyo cha milimita 776.

Sasa linganisha ukubwa mbili ambazo wengi huzitaka. 265/70R17 ina kipenyo cha milimita 803, yaani imezidi ya kiwandani kwa asilimia 3.4. 285/70R17 ina milimita 831, yaani imezidi kwa asilimia 7, na ni pana zaidi kwa milimita 20.

Namba hizi zina matokeo manne ya kufikiriwa kabla ya kulipa. La kwanza ni kimo: gari hupanda kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka, kwa kuwa nusu nyingine imekwenda juu ya ekseli. Kwa hiyo 265/70 itakupa milimita 13 chini ya difu, na 285/70 itakupa 27. Hata hivyo, hizo ndizo milimita za pekee zinazoinua difu ya nyuma, kwa sababu spesa na springi huinua bodi na kuacha ekseli pale pale ilipokuwa.

La pili ni spidi. Mshale ukisoma 50, gari lenye 265/70 litakuwa linakwenda karibu 51.7, na lenye 285/70 karibu 53.5. Magari mengi hutoka kiwandani yakisoma spidi juu kidogo ya ile halisi, hivyo ukubwa wa kwanza mara nyingi huishia kukaribia ukweli. Wa pili unaweza kukuingiza kwenye tochi ya trafiki katika maeneo ya makazi, huku ukiapa kwamba ulikuwa 50. Pima kwa simu yenye ramani ya setilaiti ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, na uandike tofauti hiyo mahali unapoiona.

La tatu ni nguvu. Tairi kubwa ni sawa na kuongeza urefu wa gia zote kwa asilimia ile ile. Mwenye injini ya 2.8 hatalalamika sana, lakini mwenye ile ya zamani ya dizeli ya 2.5 akiweka 285/70 atauona mlima Kitonga umekuwa mrefu, na gia aliyoizoea haitamtosha tena.

La nne ni uzito na breki, nalo ndilo husahauliwa. AT ya daraja la LT, lenye ubavu wa kubebea mizigo, huweza kuizidi tairi ya kiwandani kwa kilo 6 au zaidi kila moja. Uzito huo unazunguka, hivyo injini hutumia nguvu zaidi kuuanzisha na breki hutumia nguvu zaidi kuusimamisha, na mkono wa tairi umerefuka vilevile. Mwombe muuzaji akupimie kwenye mizani tairi unayoinunua pamoja na ile uliyoivua; akikuangalia kwa mshangao, uliza tena.

Maoni yangu ni kwamba kwa gari la kazi 265/70R17 inatosha. Huingia kwenye rimu ya kiwandani, mara nyingi haigusi popote au hugusa kidogo sana, na haikulazimishi kukata chochote. 285/70R17 ni ya mtu aliyekubali kukata plastiki za ndani ya madigadi, kusogeza kona za chuma nyuma ya gurudumu la mbele, na kupoteza nguvu.

Hatua ya nne: uzito unaobebwa na umri wa tairi

Baada ya ukubwa, ubavuni pana namba na herufi, kwa mfano 112S. Namba 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120 ikiwa na upepo wake kamili, na S ni kasi ya juu ya kilomita 180 kwa saa. AT ya daraja la LT ya 265/70R17 huandikwa 121/118S: kilo 1,450 ikiwa peke yake, na 1,320 ikifungwa mbili mbili kama kwenye lori. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye bamba la mlango wa dereva, hata kama umepewa punguzo zuri.

Kisha tafuta herufi DOT na ufuate namba hadi mwisho wake. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huchapwa upande mmoja tu, na kwa bahati ya ajabu upande huo ndio unaokuwa umegeuzwa ukutani dukani. Mimi niliwahi kununua manne mapya kabisa, vinywele vya mpira bado vipo, bei nzuri, na nilipofika nyumbani nikakuta yametengenezwa miaka sita kabla. Ubavu ulianza kuonyesha nyufa kama za matope yaliyokauka kabla kashata hazijafika nusu. Muuzaji alisema, "Bosi, tairi haiozi." Mpira huoza, na jua la kwetu huuharakisha; kampuni ya Michelin hushauri tairi iondolewe ikifikisha miaka 10 hata kama inaonekana nzima.

Nunua matano. Spea ya ukubwa wa zamani kwenye gari lenye manne makubwa ni hatari kwa gari la fowili, yaani linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, kwa sababu ukiingiza fowili huku gurudumu moja likizunguka kwa kasi tofauti na mengine, difu na kigawanyio cha nguvu vinapambana hadi kimoja kivunjike. Hakikisha pia kwamba spea inaingia mahali pake chini ya bodi; 265/70 huingia kwa kawaida, 285/70 ijaribu kabla ya kulipa.

Hatua ya tano: rimu

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa ushauri wangu ni kubaki na rimu ya kiwandani kama ni nzima. Rimu ya Hilux ya inchi 17 ina upana wa inchi 7.5, nati 6 kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati la milimita 106.1. Imezamishwa ndani kwa milimita 30, kipimo ambacho huandikwa ET30 nyuma ya rimu. Zile pana za inchi 8.5 zenye ET0 husukuma ukingo wa nje wa tairi kwa milimita 43. Gari huonekana limepanua kifua, lakini tairi linapokatwa kona huchora duara kubwa zaidi na kugonga nyuma ya madigadi, usukani unavutwa na kila shimo, na beringi za vikombe zinabeba mzigo kwa mkono mrefu. Wengi wanaodhani wanahitaji kuinua gari ili tairi isiguse, wanachohitaji ni kurudisha rimu ya zamani.

Hatua ya sita: jaribu nafasi kabla ya kuinua

Mwombe muuzaji akufungie tairi moja kwenye rimu yako, uifunge mbele kushoto, kisha kulia, bila kuiendesha mbali. Paka chaki nyingi, au unga wa muhogo kama chaki haipo, kwenye mabega ya tairi. Kata usukani hadi mwisho upande mmoja na usogee mbele na nyuma polepole, kisha upande wa pili. Halafu pandisha gurudumu hilo juu ya jiwe imara au kona ya ngazi ya gereji ili springi ijibane, na urudie kukata kona. Shuka, washa tochi ya simu, na uangalie ndani: mahali penye weupe ndipo pamegusa.

Weupe kwenye plastiki ya mbele au mpira wa kuzuia tope ni jambo dogo. Plastiki huvutwa kwa klipu au kupashwa moto ikasogea, na mpira hukatwa. Weupe kwenye chuma kilicho nyuma ya gurudumu, chini ya mlango, ni jambo kubwa na ni dalili kwamba tairi ni kubwa mno au rimu imetoka nje mno. Weupe kwenye wishboni ya juu (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu) au kwenye vyuma vya usukani vilivyo karibu na gurudumu unamaanisha acha kabisa. Kumbuka kwamba kuinua mbele hakuondoi mgusano unaotokea springi ikijibana hadi mwisho, isipokuwa kwa aina moja ya spesa nitakayoieleza hapa chini.

Hatua ya saba: kuinua mbele

Kwanza lala chini ya gari ujue una nini. Ukiona koili imevikwa kwenye shokapu, ni mfumo wa Hilux za 2005 kuja huku. Ukiona fito mbili ndefu za chuma zinazotoka kwenye wishboni kurudi nyuma chini ya kebini, hizo ni tosheni baa. D-Max za mwanzo na Hilux kadhaa za miaka ya 1990 zina mfumo huo, na kuinua hufanywa kwa kukaza bolti mbili bila kununua chochote. Ukiona ekseli nzima ya chuma na springi za majani mbele, kama LN106 ambazo bado zinachapa kazi vijijini, basi spesa za dukani hazikuhusu, na kinachotakiwa ni springi mpya.

Kwenye mfumo wa koili na shokapu kuna njia tatu, na fundi wengi huziita zote spesa.

Njia ya kwanza ni kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya shokapu, kati yake na chasisi. Kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya wishboni ya chini, si mwisho wake, kila milimita ya spesa huzaa karibu milimita mbili kwenye gurudumu. Spesa ya milimita 25 huinua mbele kwa takriban milimita 45 hadi 50. Wengi hununua spesa ya milimita 50 wakidhani watapata milimita 50. Njia hii huzuia gurudumu lisipande sana ndani ya madigadi, na ndiyo aina inayosaidia kwenye mgusano wa kujibana, lakini gurudumu linapoachiwa kuning'inia kwenye shimo hushuka chini kuliko ilivyokusudiwa. Hapo boli jointi ya juu (kiungo cha wishboni na gurudumu) hufika mwisho wake, sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele) hupinda, na koili huweza kugusana na wishboni ya juu.

Njia ya pili ni spesa inayowekwa kwenye koili yenyewe ili kuibana zaidi. Shokapu haijarefuka, kwa hiyo gari husimama karibu na mwisho wa urefu wake, na ukipita rasta utasikia tok tok ya chuma kila gurudumu linapoachiwa. Abiria wa mbele atakuuliza nini kimevunjika.

Njia ya tatu ni koili ndefu zaidi pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwenda nazo, kama zile za Old Man Emu za Australia. Ni ghali kuliko spesa mara nyingi, lakini springi huchaguliwa kwa uzito wa gari lako, ikiwa lina bampa ya chuma au winchi mbele au halina. Kama shokapu zako zimefikisha kilomita 100,000 na bado unataka kununua spesa, unanunua kofia ya kumvisha mgonjwa.

Kiasi gani? Kwa 265/70R17 mara nyingi hakuna haja ya kuinua hata kidogo. Ukitaka kusawazisha kwa sababu ya sura au kwa sababu bampa yako ya chuma imeishusha mbele, usivuke milimita 40 kwenye gurudumu, yaani spesa ya milimita 20 juu ya shokapu. Fundi atakwambia, "Kaka, weka inchi tatu kabisa, ionekane gari." Anayelipia sivi jointi baadaye ni wewe. Ukivuka milimita 50 utahitaji wishboni za juu zilizorekebishwa, na pengine spesa za kushusha difu ya mbele, na gharama inakuwa ya gari jingine.

Mwenye tosheni baa ahesabu mizunguko ya kila bolti na kuiandika, kushoto na kulia, ili aweze kurudi alikotoka.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Koili iliyobanwa ina nguvu za kumuua mtu. Kama kazi inahitaji kuifungua kutoka kwenye shokapu, fundi awe na kibano maalumu cha springi chenye ndoana nzima. Ukimwona anachukua waya au mnyororo wa pikipiki, chukua funguo zako uondoke. Spesa ya juu ya shokapu inayofungwa bila kuifungua koili ni salama zaidi kwa gereji za kawaida, nayo ni sifa yake ya kweli.

Hatua ya nane: nyuma, kwa wabeba mizigo

Rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza. Kama nyuma yako hushuka zaidi ya sentimita 4 ikiwa na mzigo, usisawazishe mbele peke yake. Ongeza jani moja la springi nyuma, au nunua seti ya springi za kilo unazobeba. Usiweke vipande vya chuma kati ya ekseli na springi kimoja juu ya kingine. Hupindua springi unapofunga breki na yubolti hulegea.

Kwenye Hilux za zamani kuna vali ya breki inayopima mzigo, ambayo kifimbo chake kimefungwa kati ya chasisi na ekseli ya nyuma. Nyuma ikinyanyuliwa, vali huamini kwamba gari ni tupu na hupunguza nguvu ya breki za nyuma hata kama umepakia. Kifimbo hicho kirekebishwe siku ile ile.

Hatua ya tisa: alaimenti, taa na nati

Kuinua mbele hubadilisha pembe tatu za magurudumu: kuinama kwa ndani au nje, kuegemea nyuma kwa mhimili wa usukani, na mwelekeo wa ncha za mbele. Ukiendesha wiki moja bila alaimenti, tairi mpya huliwa upande mmoja. Hilux ina bolti zenye kamu kwenye wishboni ya chini, kwa hiyo fundi mwenye mashine anaweza kurekebisha zote tatu, si ile ya ncha peke yake ambayo gereji za haraka huigusa na kukurudishia funguo. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Usukani unaovuta upande, au unaokataa kurudi katikati baada ya kona, unaonyesha kwamba mhimili umepoteza kuegemea kwake.

Taa kubwa zirekebishwe jioni hiyo hiyo. Egesha mita 10 kutoka ukuta kwenye sakafu tambarare, pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, na weka alama ukutani sentimita 10 chini ya kimo hicho. Ukingo wa juu wa mwanga wa taa za chini uangukie pale. Hilux nyingi zina gurudumu dogo kwenye dashibodi la kushusha taa gari likiwa na mzigo, nalo ni mojawapo ya vitu visivyotumika kabisa katika nchi yetu.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, na zikazwe tena baada ya kilomita 100.

Hatua ya kumi: upepo na kilomita za mwanzo

Tairi ya LT huhitaji upepo zaidi kuliko ya kawaida kubeba uzito ule ule, kwa hiyo kipimo cha bamba la mlango ni mahali pa kuanzia tu. Jaza kipimo hicho kukiwa na baridi asubuhi, chora mstari wa chaki kukatiza kashata kutoka bega hadi bega, na endesha mita 200 kwa mstari ulionyooka. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Ongeza au punguza PSI 2 kila mara hadi ifutike sawasawa, na uandike namba ya gari tupu na ya gari lenye mzigo kando kando. Kwenye mchanga laini unaweza kushuka hadi PSI 18 au 20, ukienda polepole na bila kukata kona kwa nguvu, mradi una pampu ya kurudisha upepo kabla ya kufika lami.

Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, spea ikiwemo ndani ya mzunguko, maana AT isipozungushwa huanza kuvuma kabla haijaisha.

Baada ya kilomita 1,000 lirudishe gari kwenye sakafu ile ile, tanki likiwa nusu, na upime tena kutoka katikati ya kikombe hadi ukingo wa madigadi. Mbele itakuwa imeshuka kwa milimita chache, kwa kuwa mipira na bushi zimekaa mahali pake. Ikiwa upande mmoja umeshuka kuliko mwingine kwa zaidi ya sentimita 1, na mwanzoni ilikuwa sawa, kuna bolti iliyolegea au spesa iliyokaa upande, na gari hilo lirudi gereji kabla ya kupakiwa tena.